Mkanda Namba Saba

Wakimbiaji walimwita Saa ya Ukuta, na baadaye, kwa uvivu wa ulimi, Ukuta tu. Jina alilipata mwaka wake wa pili kambini, siku Kocha alipomvua saa ya mkononi akamwambia azunguke uwanja mara ishirini na tano, kila mzunguko kwa sekunde themanini, bila kumuuliza mtu wakati. Mimi, karani wa kambi, niliandika mizunguko yote. Wa haraka kupita yote ulikuwa sekunde sabini na tisa, wa polepole themanini na moja. Kijana mmoja aliyelala kwenye nyasi akapiga kelele, "Huyu hakuzaliwa jamani, alitiwa ufunguo!" Wakacheka, jina likashika.

Hakuwahi kushinda mbio yoyote ya maana. Kushinda kunataka mtu ajue kuuvunja mwendo wake dakika za mwisho, na hilo halikuwamo mwilini mwake. Kwa hiyo akawa mvutaji: mtu wa kukimbia mbele kwa mwendo uliopangwa, wenzake wamfuate huku akiwakinga upepo, kisha zikibaki kilomita chache anajiondoa pembeni na kuwaacha wagombanie ushindi. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na moja. Picha za washindi wetu zimebandikwa ofisini ukuta mzima, naye hayumo hata katika moja. Wakati wa picha alikuwa amekaa kwenye jiwe mahali fulani nyuma, anavua viatu.

Aliishi chumba kimoja nyuma ya duka la dada yake, fundi cherehani aliyeshona sare za shule. Mke alikuwa naye zamani, akaondoka. Ukuta alisema tu kwamba mwenzake alichoka kuishi na mtu anayelala na kuku. Shemeji yake, mume wa dada, alikuwa mpakiaji wa magunia. Alianguka asubuhi moja akipandisha gunia kwenye lori, akiwa na miaka thelathini na sita, na hakuinuka. Watu walisema ni jua, wengine wakasema ni uzito. Aliacha binti mmoja wa miaka sita, na tangu siku hiyo Ukuta akawa mjomba na baba kwa pamoja.

Binti huyo tulimwita Njiti kwa ajili ya miguu yake. Mjomba alimfundisha kukimbia, na kila alichokijua alimpa: jinsi ya kushuka mlima bila kujigonga magoti, jinsi ya kunywa maji bila kusimama, jinsi ya kunyamaza mwenzako anapokuchokoza katikati ya mbio. Kuvunja mwendo alikuwa nako mwenyewe. Alipofika miaka ishirini na miwili alikuwa mmoja wa wasichana sita ambao kati yao wangechaguliwa wanne kwenda ng'ambo kukimbia mbio ndefu.

Kocha alichagua kwa moyo. Alikuwa amewahi kupoteza mashindano mawili kwa kuwapeleka watu waliochoka ambao walimwambia hawajachoka, na hakutaka tena kuuliza mtu anajisikiaje. "Miguu ina fahari," alikuwa akisema, "na mdomo una njaa. Moyo peke yake ndio hauna cha kutafuta." Kwa hiyo tulikuwa na mikanda. Mkanda wa moyo ni utepe wa mpira unaofungwa kifuani chini ya matiti, na mbele una kidude cheusi kinachosikiliza mapigo na kuyatuma kwenye saa ya mkononi. Tulikuwa na mikanda kumi na miwili. Niliiandika namba kwa wino usiofutika, niliifua kila jioni, na niliianika kwa mpangilio, moja hadi kumi na mbili. Mkanda wa Njiti ulikuwa namba saba.

Siku ya hukumu ilikuwa Jumatano. Kila Jumatano wasichana sita walikimbia kilomita kumi na nne kwa mwendo mwepesi, dakika tano kila kilomita, na mapigo hayakutakiwa kuzidi mia moja na hamsini kwa dakika. Aliyepumzika vizuri na mwenye afya hafiki huko kwa mwendo ule. Aliyezidisha Jumatano tatu mfululizo alirudi nyumbani. Walipomaliza walipanga foleni kwenye dirisha langu, kila mmoja ananyoosha mkono, mimi nabonyeza saa yake na kuandika: wastani, kilele, na kama kuna mahali ambapo mkanda ulinyamaza.

Jumatano ya kwanza ya uchaguzi, saa ya Njiti ilionyesha wastani mia moja arobaini na nne na kilele mia mbili na kumi na nne. Kilele hicho kilikuja kwenye tambarare, kikakaa dakika moja na nusu, kisha mapigo yakaanguka ghafla hadi tisini na saba. Moyo wa mtu anayekimbia pole hauendi hivyo. Pembeni ya namba hiyo niliandika "betri?" na jioni nikabadilisha betri.

Jumatano ya pili kilele kilikuwa mia mbili ishirini na moja. Niliandika "mkanda mkavu", kwa sababu mkanda usipoloanishwa vizuri husikia mambo ambayo hayapo. Kocha alisimama nyuma yangu akisoma.

"Kifaa gani hiki kinachomchukia mtu mmoja?"

"Nitampa mkanda mwingine, Kocha."

"Mpe huu huu. Betri mpya, uloanishe mwenyewe, umkabidhi mkononi." Akamgeukia Njiti aliyekuwa bado amenyoosha mkono dirishani. "Binti, unalala saa ngapi?"

"Saa tatu, Kocha."

"Na nani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Njiti hakucheka. "Na mama yangu," alisema, "na anakoroma."

"Basi mwambie asikorome Jumanne. Ikirudia Jumatano ijayo ni ya tatu, na mimi sijui kuhesabu nne."

Yaliyofuata sikuyaona. Ukuta alinieleza mwenyewe baadaye, tumekaa ofisini na daftari katikati yetu, na alieleza kama alivyokimbia, bila kupanda wala kushuka.

Siku hiyo Njiti alimngojea kwenye kona ya barabara ya nyumbani. Akamwambia haikuwa betri. Miezi miwili sasa moyo wake ulikuwa unaruka ghafla, kama panya ndani ya gunia, kisha unatulia. Hakuna maumivu, ila miguu huwa mitupu kidogo na masikio huziba.

"Umemwambia mama yako?"

"Mjomba! Mama akisikia neno moyo atanifungia kabatini pamoja na vitambaa."

"Tumwambie Kocha, basi, akupeleke kwa daktari."

"Akinipeleka kwa daktari ataniacha. Nafasi ni nne, na nyuma yangu wapo wawili wanaoniombea nivunjike mguu." Akamshika mkono. "Ni woga, mjomba. Naogopa Jumatano tu. Siku nyingine niko sawa, na unaniona. Si hata wewe uliniambia, ulipokuwa kijana, kabla ya majaribio moyo ulikuwa unataka kutoka?"

Ni kweli aliwahi kumwambia hivyo. Naye akamwamini kwa sababu maneno yalikuwa yake.

Wavutaji hawakufungwa mikanda. Kocha hakuwa na haja na mioyo yao. Lakini Jumatano Ukuta ndiye aliyewaongoza wasichana, na saa husikia mkanda wake hata ukiwa kwenye kifua cha mtu mwingine, mradi asiwe mbali zaidi ya hatua saba au nane. Njiti alipokea mkanda namba saba kutoka mkononi mwangu, umeloana vizuri, akazunguka nyuma ya stoo kuuvaa kama walivyofanya wasichana wote. Huko nyuma kuna ukuta mfupi, na upande wa pili wa ukuta ni choo cha wanaume. Aliupitisha juu. Mjomba akaufunga chini ya fulana yake, akatoka, akapunga mikono kidogo ya kupasha mwili moto, na wakaondoka, yeye mbele, mpwa wake nyuma yake hatua mbili.

Wastani mia moja kumi na nane. Kilele mia moja thelathini na moja. Niliandika namba hizo kwa furaha. Kocha alimpiga Njiti begani. "Umeona? Ulikuwa unakula hofu na chai." Kisha akaniambia mimi, "Na wewe betri zako unanunua wapi, sokoni kwa wezi?"

Makubaliano yalikuwa Jumatano moja tu. Zilifika nane.

Kuna kitu kimoja ambacho nilikiona na kukiandika kila wiki bila kukielewa. Kwenye kilomita ya tisa, palipo na daraja dogo la mfereji, mkanda namba saba ulinyamaza sekunde thelathini, arobaini, wakati mwingine hamsini, kisha ukarudi. Mahali pale pale kila Jumatano. Nilibadilisha betri mara tatu. Nilidhani labda ni nyaya za umeme zinazopita juu ya daraja, nikaenda huko siku ya mapumziko kuzitazama. Zipo kweli nyaya. Nikaandika "nyaya" nikaridhika. Mtu wa miaka arobaini na minne anayekunywa maji mengi asubuhi hawezi kufika kilomita ya kumi na nne bila kusimama kujisaidia, na Ukuta alisimama pale, chini ya daraja, huku wasichana wakiendelea na moyo wa Njiti ukibaki nyuma kwenye majani. Nilikuwa na miaka ishirini na moja ya kumjua, na sikufikiria hilo.

Jaribio la mwisho lilikuwa kilomita ishirini na tano, Jumamosi asubuhi. Ukuta alipangiwa kuvuta hadi kilomita ya kumi na nane. Usiku uliotangulia alimwambia Njiti kwamba mwisho ni huo, baada ya jaribio wataenda pamoja kwa daktari, ashike nafasi asishike. Njiti alikubali upesi mno, alisema Ukuta, kama mtu anayekubali bei akijua hana nia ya kununua.

Kwenye kumi na nane alijiondoa pembeni. Wasichana walimpita, Njiti wa pili, akivuta pumzi vizuri. Saa yake ikanyamaza hapo. Kwenye kilomita ya ishirini alianza kuyumba. Mwenzake aliyekuwa nyuma alisema alimwona akiweka mkono kifuani kana kwamba anatafuta kalamu mfukoni, kisha akaenda chini uso mbele, bila kutanguliza mikono.

Gari la maji lilimfikisha zahanati ndani ya dakika kumi na tano. Nilipofika na Kocha alikuwa amezinduka, amelazwa na dripu mkononi, kidevu kimechunika chote. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na macho ya mtu ambaye hajakaa tangu asubuhi. Alisikiliza kifua, akapima presha, akauliza kama msichana amewahi kuanguka kabla. Njiti alisema hapana. Alikula nini? Chai. Alikunywa maji? Kidogo.

"Mna kumbukumbu zozote za mazoezi yake?"

Kocha alinitazama kwa fahari. Nilikuwa nimekuja na daftari, maana huwa siliachi nyuma. Daktari akalifungua mezani, akafuata safu ya Njiti kwa kidole, wiki baada ya wiki.

"Nani ameandika? Mwandiko safi kuliko wa wauguzi wangu."

"Mimi, Daktari."

"Hizi mbili za mwanzo? Mia mbili kumi na nne, mia mbili ishirini na moja?"

"Kifaa kilikuwa kibovu," nilisema. "Tulikitengeneza. Baada ya hapo hakikurudia."

Nilisema hivyo kwa sauti ya uhakika, kwa sababu nilikuwa na uhakika.

Akaendelea hadi mwisho, akafunga daftari. "Ningeona mruko mmoja wa kweli humu ningemtuma hospitali kuu leo hii. Mashine yetu ya moyo ina mwezi haifanyi kazi. Lakini moyo huu," akagonga jalada kwa ukucha, "ni wa mtu mzima sana. Ni jua na kukosa chumvi. Amalize dripu, apumzike siku tatu, halafu aanze polepole."

"Safari ni siku kumi kutoka leo," Kocha alisema.

"Siku kumi zinatosha."

Ukuta alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kwa miguu kutoka kilomita ya kumi na nane, na fulana ilikuwa imemkaukia mwilini. Alisikia yote. Mimi na Kocha tukatoka kwenda kumtafutia msichana juisi, na wao wawili wakabaki.

Njiti ndiye aliyeanza kusema, bila kuinua kichwa kwenye mto. "Umesikia? Jua."

"Nimesikia."

"Basi na iwe jua."

"Mama, huo moyo aliousoma ni wangu."

"Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Mjomba, ukisema, sitakimbia tena kamwe. Wataniandika kwenye vitabu vyao mgonjwa. Nitakaa pale dukani natoboa matundu ya vifungo mpaka nizeeke. Hicho ndicho unachokitaka? Wewe umekimbia miaka ishirini na mtu hakujui hata jina. Mimi nina siku kumi." Machozi yalikuwa yanaingia kwenye kidonda cha kidevu na hakuyafuta. "Ukinisema utakuwa umenizika nikiwa hai. Nakuapia."

Ukuta akatoka, akaketi kwenye benchi la korido. Nilirudi na juisi nikamkuta hapo, mikono kwenye magoti, na nilipomwambia twende ndani alitikisa kichwa. Alikaa hapo tangu saa tano hadi karibu saa tisa. Muuguzi alimsogeza mara mbili apitishe kitanda cha magurudumu.

Dada yake alifika akiwa na futi ya kupimia bado imening'inia shingoni na pini tatu kifuani. Alimkumbatia binti, alimgombeza, alimshukuru Kocha, alinishukuru mimi kwa ajili ya daftari. Akamshukuru na kaka yake, pale koridoni, kwa kumlea mtoto wake vizuri. Kisha, huku akitafuta kitambaa cha kumfunga Njiti kichwani, akasema kwa sauti ya mtu anayejiongelea, "Baba yake naye walisema jua."

Daktari alikuwa anaandika karatasi ya kumruhusu. Ukuta akasimama, akaingia chumbani.

"Daktari, usiandike."

"Samahani?"

"Huo moyo si wake. Ni wangu. Jumatano zote nane mkanda nilivaa mimi, na leo pia, mpaka kumi na nane." Akafunua fulana. Mkanda namba saba ulikuwa bado amejifunga, na chini yake ngozi ilikuwa imechubuka mstari mzima. "Zake ni zile mbili za mwanzo. Hazikuwa mbovu. Na baba yake alianguka hivi hivi, akafa."

Daktari aliichana karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni, akatoka kutafuta gari. Kocha alilichukua daftari mikononi mwangu, akalifungua, akalifunga. Njiti aligeukia ukutani.

Dada ndiye aliyeuliza. "Wiki nane?"

"Wiki nane, dada."

"Ulikuwa unajua wiki nane. Na kila siku nilikuwa nakupakulia chakula."

"Alidhani ni woga. Na mimi nikadhani..."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akitazama ule mkanda. "Ndani kabisa ya nguo. Vua kitu hicho utoke mbele yangu."

Hospitali kuu walimpaka Njiti mafuta kifuani wakamtazama moyo kwenye kioo. Ukuta mmoja wa moyo wake ulikuwa umenenepa karibu mara mbili ya kawaida. Ni ugonjwa unaopita kwenye damu, walisema, na inaelekea aliupata kwa baba yake. Angeweza kuishi miaka mingi kwa vidonge na tahadhari. Kukimbia kwa mashindano, hapana. Daktari wa huko alitaka kujua ulianza lini hasa, na ndiyo maana Ukuta alikuja ofisini kwangu tukapitia daftari tarehe kwa tarehe. Nilichora mstari kwenye Jumatano nane. Pale nilipokuwa nimeandika "betri?" na "mkanda mkavu" niliandika neno moja: "kweli".

Kocha alimfukuza Ukuta siku ile ile ya zahanati. Hakumtukana. Alimwambia, "Watu wote duniani wanaweza kunidanganya, lakini wewe nilikuwa nasawazishia saa yangu kwako." Mimi alinibakiza. Niliuliza kwa nini, akasema mtu anayeandika asichokielewa ni afadhali kuliko asiyeandika. Wasichana wengine wanne walikwenda ng'ambo. Walimaliza wa saba.

Ukuta alipata kazi ghala la saruji, ya kupakia. Dada yake alimtaka ahame kile chumba, akahama. Alipanga karibu na ghala, nami nilimtembelea Jumapili kadhaa. Alikuwa mweupe wa vumbi hata kwenye kope, na alipokohoa alitazama pembeni kwanza kama anayeomba ruhusa. Hakulalamika. Aliuliza tu, kila mara, "Umemwona?"

Nilikuwa nikimwona. Alikuwa dukani, anatoboa matundu ya vifungo kama alivyosema. Hakuitikia salamu yangu, na sikumlaumu.

Mwezi wa sita baada ya hapo nilisikia jambo nikalipeleka ghalani kabla sijanywa chai. Upande wa pili wa mji kulikuwa na kikundi cha watu wanaokimbia alfajiri, madereva, wauza mitumba, askari mmoja mstaafu, hawana kocha wala mkanda. Msichana mmoja mwembamba mwenye kovu kidevuni alikuwa amejiunga nao kwa jina lisilo lake. Mama yake alidhani anakwenda kupokea vitambaa.

"Hili ungemwambia dada yangu kwanza," Ukuta alisema.

"Nilikwenda kwanza kwake. Hakufungua mlango. Alisema watu wa daftari hataki kuwasikia."

Kesho yake Ukuta alitoka zamu ya usiku, akapanguza saruji, akaenda huko. Walikuwa kumi na wawili, wanaanza kupasha mwili moto. Njiti alimwona akageuza uso. Walipoondoka aliondoka kwa kasi ya hasira, na mjomba wake akamfuata, mtu wa miaka arobaini na mitano mwenye vumbi la saruji mapafuni. Hakumsogelea wala kumwita. Alikaa hatua nne nyuma yake. Njiti akiongeza, anaongeza, akipunguza, anapunguza. Wale wengine walidhani ni mtu na mkewe wamegombana, na dereva mmoja akapiga kelele, "Shemeji, msamehe huyo, ataishiwa pumzi tukuletee maiti!"

Ilikuwa hivyo siku tisa. Alikuwa anatoka zamu, anakimbia, anarudi analala kwa saa tatu tu, anaingia zamu. Nilimwambia atakufa yeye kabla ya mpwa wake. Akasema kama hawezi kumzuia, basi angalau akianguka asianguke peke yake.

Siku ya kumi, kwenye mwinuko mrefu unaotoka machimbo ya kokoto, Njiti alisimama. Hakuanguka. Alisimama tu, akainama, mikono magotini, na kikundi kikampita kikaendelea. Ukuta naye akasimama, hatua zake nne.

"Njoo," Njiti alisema bila kuinuka. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu zahanati. "Weka vidole hapa. Hesabu."

Aliweka vidole viwili kwenye mshipa wa shingo. Hakuwa na saa, lakini yeye hakuhitaji saa kujua sekunde. Alianza kuhesabu. Alifika tisa, mapigo mawili yakaja kwa pamoja kama watu wanaogombea mlango, kisha kukawa na pengo, kisha yakamwagika. Alianza tena. Akapotea tena.

"Ngapi?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Hayahesabiki, mama. Najaribu, siwezi."

Aliniambia hapo ndipo alipomwona akiogopa. Miezi yote ile alikuwa amekasirika tu. Njiti aliketi palepale barabarani kwenye changarawe, mjomba akaketi naye, vidole vikiwa bado shingoni, na walikaa hivyo mpaka mapigo yakaanza kupangana. Lori la kokoto lilipita likawafunika vumbi. Dereva alipunguza mwendo kuwauliza kama wanahitaji msaada, na Njiti akamwashiria aende.

Waliporudi walitembea. Ilikuwa kilomita tisa, na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Njiti alitangulia. Karibu na nyumba za kwanza alisema, bila kugeuka:

"Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani."

"Na mama usimwambie."

"Nitamwambia."

Njiti alisimama kidogo. Kisha akaendelea kutembea, na mjomba wake akaendelea nyuma yake, mpaka mlangoni kwa dada, ambako cherehani ilikuwa inalia, na Ukuta akagonga.